Mlima Tumeuzoea, Mteremko Bado

Maneno haya yalisemwa Mbeya mbele ya waendesha baiskeli wa starehe, mwanzoni mwa kiangazi. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, vijana, habari za asubuhi. Nawaona humu hata wanafunzi wangu wa zamani, ambao darasani waliikimbia fizikia na leo wameikuta hapa imewatangulia. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie raha na taabu za kuendesha baiskeli wakati wa kiangazi, akanisihi nisigeuze mkutano kuwa kipindi. Nitajitahidi, ila siahidi.

Mvua zimekatika. Kuanzia sasa hadi Novemba lami ni kavu, na huu ndio msimu ambao baiskeli zinatolewa stoo, zinafutwa vumbi, zinajazwa upepo, na Jumamosi moja zinapelekwa njia ya Chunya bila mtu kuzikagua kama ziko tayari.

Halafu tunasema kiangazi kana kwamba ni kitu kimoja. Huku kwetu ni viwili. Kuna hiki cha Juni hadi Agosti, kipupwe chenyewe, ambapo usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10 na kule Kitulo umande unaganda juu ya nyasi. Kisha kuna kile cha Septemba kuendelea: jua kali, upepo wa mchana, vumbi, na moshi wa mashamba yanayochomwa. Mgeni kutoka Dar es Salaam akija Julai na kaptula yake akidhani kiangazi maana yake ni joto, mwacheni aanze nasi asubuhi, atajifunza mwenyewe kabla hatujafika Uyole. Na Tukuyu ndiyo imegoma kabisa kufuata kalenda. Rungwe inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata katikati ya Julai unaweza kukutana na manyunyu Kiwira wakati watu wa Uyole wanakohoa vumbi. Ukienda upande huo beba koti jepesi la mvua, usibishane na mtu.

Sasa niingie kwenye lililonileta. Tangu tuanze vikao hivi, maswali ninayoulizwa ni ya kupanda. Mwalimu, nipandeje mlima wa Kawetere, njia ya Chunya, bila kushuka? Mwalimu, nile nini ili nifike Isongole? Gia ngapi? Mapigo ya moyo mangapi? Sijawahi kuulizwa na mtu hata mmoja jinsi ya kushuka. Watu wanaona kushuka ni zawadi, ni malipo ya jasho, kazi imekwisha, kilichobaki ni kuachia. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hawakusema anashukaje, na hapo ndipo ninapotaka tukae leo.

Kuhusu kupanda nitasema machache tu, kwa sababu mlima una adabu: ukikushinda, unakusimamisha. Pumzi ikikata unashuka, unasukuma, unaomba maji kwenye nyumba iliyo karibu, maisha yanaendelea. Mjini Mbeya, kwenye meta 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 82 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18. Aliyezoea hapa hasikii sana. Aliyetoka Kyela jana anasikia. Weka gia nyepesi mapema, kabla mguu haujaanza kulalamika, na usimfuate kijana aliye mbele yako. Na kusukuma si aibu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, kule Kigali, mji ulio juu karibu sawa na Iringa. Mbio za wanaume zilikuwa za kilometa 267.5, vilima mwanzo hadi mwisho. Alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia, na kati ya wote walioanza ni 30 tu waliomaliza. Hao walioachwa njiani na vilima wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo. Wewe unayeuza vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, ukishuka na kusukuma kidogo, nani atakucheka?

Mteremko hauna adabu hiyo. Haukusimamishi. Unakukaribisha, unakusifu, unakuongezea kasi ambayo hukuitolea jasho, na siku utakapotaka kusimama ndipo unapokudai.

Mwenyekiti, hapa naomba dakika za fizikia.

Chukua njia yetu ya Chunya, kutoka pale juu watu wanaposimama kuangalia bonde la Usangu, hadi mjini. Tuseme umeshuka meta 600. Wewe na baiskeli yako mna kilo 85. Nguvu iliyokuwa imehifadhiwa mwilini mwako kwa sababu tu ulikuwa juu ni kama kilojuli 500, na ukifika chini ukasimama, nguvu hiyo yote lazima iwe imekwenda mahali. Kilojuli 500 zinatosha kuchemsha birika la lita moja na nusu ya maji baridi ya bomba, tena birika la Mbeya, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Sasa jiulize, moto huo umekwenda wapi? Una sehemu mbili kubwa za kuupeleka: hewa unayoipasua, na breki. Ukienda kasi, hewa inachukua sehemu kubwa. Ukishuka umebana breki muda wote kwa woga, sehemu kubwa inaingia kwenye rimu, na rimu inaupitisha kwenye tyubu. Ndiyo maana tairi linaweza kupasuka kwenye mteremko bila kukanyaga hata mwiba: tyubu au kiraka kimechoka kwa joto, au upepo uliojaa ndani umetanuka na kulisukuma tairi nje ya rimu. Shika rimu mwisho wa mteremko. Au usiishike, itakuunguza.

Kuna jingine, na hili ni letu sisi watu wa juu. Hewa yetu ni nyepesi. Kwenye meta 2,000 uzito wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa usawa wa bahari, na hewa nyepesi inazuia kidogo. Wanaotafuta rekodi wamelijua hilo zamani. Mwaka 1972 Eddy Merckx wa Ubelgiji aliondoka Ulaya akaenda Mexico City, mji ulio juu zaidi ya meta 2,200, akaendesha kilometa 49.431 kwa saa moja, na rekodi hiyo ilidumu miaka mingi. Alikwenda kutafuta hewa kama hii tunayoipata bure pale juu ya Kawetere. Lakini yeye alikuwa kwenye uwanja tambarare, sisi tunaipata hewa hiyo tukiwa tunateremka. Ukiiachia baiskeli ishuke yenyewe bila breki, mwendo wake wa mwisho huku unazidi ule wa mteremko kama huo pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Mtu aliyejifunza kuendesha kwenye vilima vya Pugu akija hapa atashangaa kona inavyomfikia mapema.

Na kasi haiongezeki bei kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Ukitoka kilometa 30 kwa saa ukafika 60, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne, si mara mbili. Kwenye 60 unakwenda meta kama 17 kila sekunde. Umemwona mbuzi, ukashtuka, vidole vikatafuta breki: meta 17 zimekwisha na bado hujaanza kusimama.

Nimemaliza fizikia. Mwenyekiti anaweza kupumua.

Breki zenyewe sasa. Baiskeli nyingi humu ni za mtumba, na sina ugomvi na mtumba, hata yangu imetoka huko. Ugomvi wangu ni na raba. Baiskeli imekaa kwenye ghala la Ulaya au Japani miaka kadhaa, imesafiri ndani ya kontena, imekaa tena juani sokoni. Fremu haijali. Gia hazijali. Raba inajali. Vipande vya breki vinakauka mpaka vinang'aa kama kioo, na ukivibana vinapiga kelele bila kushika. Tairi linapata nyufa ndogo ubavuni ambazo muuzaji amezipaka rangi nyeusi. Waya wa breki umeshika kutu ndani ya mfuko wake, ukiuvuta unakuja, ukiuachia haurudi. Mnunuzi anaangalia nini? Anaangalia jina lililoandikwa kwenye fremu na anainyanyua kwa kidole kimoja aone wepesi wake. Mimi nikienda kununua naanza na kucha: naibonyeza raba ya breki. Kucha isipoacha alama, naweka hesabu ya raba mpya juu ya bei. Raba mpya ni pesa ndogo kuliko chakula cha mchana cha watu wawili, na fundi yeyote wa baiskeli hapa mjini atakufungia wakati unasubiri.

Wenye breki za diski wasijione wamepona. Diski haichomi tyubu, hilo kweli. Lakini nayo ikishikwa mfululizo inapata moto, na zile za mafuta zikizidiwa na joto mkono unaenda mpaka mwisho bila kukuta kitu.

Dawa ni ile ile ya madereva wazuri wa malori: usiburuze breki. Bana kwa nguvu muda mfupi, punguza mwendo kweli kweli, achia, iache hewa ipoze, bana tena. Tumia zote mbili, ya mbele na ya nyuma, huku umesogeza makalio nyuma kidogo ya kiti. Kuna imani kwamba breki ya mbele inarusha mtu, kwa hiyo wengine hawaigusi kabisa. Inarusha anayeikamata kwa pupa amekaa mbele. Ukiiacha, umeacha breki yenye nguvu kuliko nyingine, kwa sababu ukibana breki huku unashuka uzito mwingi unahamia gurudumu la mbele, na la nyuma linakuwa jepesi, linateleza tu.

Kona inamalizwa kabla ya kuingiwa. Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, kisha ingia umeachia. Pedali ya upande wa ndani iwe juu, ya nje iwe chini na uikandamize. Na macho yaende unakotaka kutoka, yasibaki kwenye shimo au kwenye jiwe, maana baiskeli hufuata macho. Hili hata siwezi kulieleza kwa fomula, lakini mwangalie anayejifunza: ukimwambia usigonge mti ule, anaugonga.

Halafu kuna ile hali ambayo mbele inaanza kutikisika yenyewe, usukani unacheza kushoto kulia, na unavyoukaza mikono ndivyo inavyozidi. Hutokea kwenye kasi kubwa, hasa fremu ndefu na mwili unaotetemeka kwa baridi. Legeza mikono, bana fremu kwa goti moja au yote mawili, punguza mwendo taratibu kwa breki ya nyuma. Itatulia. Anayejua hili mapema hashtuki sana. Asiyejua anaweza kujitupa porini.

Nimetaja baridi. Asubuhi ya Julai umepanda kutoka mjini, umetota jasho, umefungua zipu mpaka kitovuni. Umefika juu, umepiga picha, umegeuza. Hewa ni nyuzi 8. Ukishuka kwa kilometa 50 kwa saa, ngozi yako inapoteza joto kama mtu aliyesimama mahali pa nyuzi 3, tena umelowa. Vidole ndivyo vinavyokufa kwanza, na vidole ndivyo vinavyoshika breki. Wapanda baiskeli wa zamani wa milima ya Alps walikuwa wakipewa magazeti na watazamaji kileleni, wanayapachika kifuani chini ya fulana kabla ya kushuka. Gazeti la jana linafaa, hata lile la matangazo ya mnada. Weka kurasa kadhaa kifuani, vaa glovu hata za bustani, na usikae juu ukipiga soga mpaka jasho lipoe. Mimi ni bibi mwenye wajukuu, nikipita Kabwe na gazeti linachungulia shingoni watu wanadhani nimeanza kuzeeka vibaya. Sawa tu.

Kama mnaona natia chumvi, niwatajie watu wawili waliojua kushuka kuliko sisi sote. Fabio Casartelli wa Italia alikuwa bingwa wa Olimpiki ya Barcelona, mwaka 1992. Tarehe 18 Julai 1995, kwenye Tour de France, alianguka akishuka Portet d'Aspet katika milima ya Pyrenees, akafa siku hiyo hiyo. Hakuwa na helmeti. Chama cha baiskeli cha dunia kilikuja kuifanya helmeti kuwa lazima mwaka 2003, baada ya mwingine kufa. Na Gino Mäder wa Uswisi alianguka Juni 2023 akishuka Albula, kwenye mashindano ya nchi yake mwenyewe, helmeti kichwani, akafariki kesho yake. Barabara zao zilikuwa zimefungwa, hakuna lori linalokuja upande wa pili. Sisi zetu ziko wazi.

Na malori ndiyo hayo. Barabara kuu ya TANZAM inabeba mzigo wa Zambia na Kongo mchana na usiku, na kiangazi yanaongezeka yale ya mavuno: mahindi, viazi, mbao, parachichi. Yakipanda polepole, lami iliyopata jua la Oktoba inakandamizwa mpaka inaacha mifereji miwili mirefu. Gari halijali mfereji huo. Gurudumu jembamba la baiskeli likiingia humo halitoki kirahisi, na ukilazimisha kulitoa unalala chini mbele ya kinachokufuata. Ongeza rasta, zile zinazowekwa kabla ya matuta, ambazo ukizipita kwa kasi mikono inaruka kutoka kwenye usukani. Ongeza bega la barabara ambalo mahali pengine limeshuka chini ya lami kwa kimo cha kiganja. Ongeza nyaya nyembamba za matairi ya malori yaliyopasuka, ambazo ndizo zinazotupa pancha nyingi kuliko miiba yote ya Usangu.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaonuna: Mlima Nyoka, Inyala, Iwambi, hizo si njia za starehe. Ajali za malori yaliyofeli breki kwenye miteremko hiyo tunazijua sote, hatuhitaji kuhesabiana. Kitonga ndiyo kabisa, sitaki hata kusikia mtu anaipanga. Ikikulazimu kupita mahali pa namna hiyo, pita asubuhi, pita kushoto kabisa, na ukisikia harufu ya breki zinazoungua nyuma yako, usigeuke kuangalia, toka barabarani. Dereva anayeshuka na mzigo mzito hana uwezo wa kusimama kwa ajili yako hata akitaka.

Tuna njia bora. Ya Chunya, kilometa 72 za lami, ina magari machache na mandhari yake nadhani hakuna mahali pa kuizidi nchini, ingawa watu wa Lushoto watanipinga. Ya Uyole kwenda Tukuyu ina magari mengi zaidi, lakini ina migomba, chai, na vibanda vya ndizi kila mahali. Unapanda hadi Isongole, zaidi ya meta 2,000, kisha unashuka na ukitaka unaendelea kushuka mpaka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, chini ya meta 600. Angalieni lakini: ukishuka Kyela umeshuka pia kwenye joto, na kurudi ni huko huko ulikotoka. Wengi hurudi na Coaster, baiskeli ikiwa juu ya paa, na nauli ya baiskeli inapangwa kwa kuangalia uso wako. Wenzetu wa Iringa wana ile ya Dodoma, kilometa 260 mpaka mwisho wake, na kwa siku moja inatosha kufika Nyang'oro na kugeuza kabla ya mteremko, isipokuwa kama mmejipanga kulala Mtera. Njia ya Chimala kwenda Matamba, yenye kona 57 na jina la Hamsini na Saba, waachieni wenye baiskeli za matairi mapana. Vumbi na kokoto havijui jina lililoandikwa kwenye fremu yako.

Nigusie joto na maji, maana Septemba itafika. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, jasho linakauka kabla hujalihisi, kwa hiyo mtu anafika Chunya anasema sikutoka jasho leo. Angalia fulana: chumvi nyeupe mgongoni ndiyo jibu. Kunywa kidogo kidogo tangu mwanzo, usisubiri kiu, lakini pia usijaze tumbo lita nyingi za maji matupu siku nzima bila chumvi wala chakula. Damu ikipungukiwa chumvi kichwa kinauma, unachanganyikiwa, na watu wanakuongezea maji wakidhani wanakusaidia. Karanga zenye chumvi, ndizi, viazi vitamu vilivyochemshwa, togwa. Ulanzi bahati nzuri ni wa masika, kwa hiyo watu wa Iringa na Njombe wanapona majaribu. Jua nalo lisidharauliwe kwa sababu kuna kibaridi. Mionzi inayounguza ngozi inaongezeka kwa kama asilimia 10 kila unapopanda meta 1,000.

Tarehe 13 Julai 1967 Tom Simpson wa Uingereza, aliyekuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia, alianguka karibu na kilele cha Mont Ventoux kule Ufaransa, akafa. Kulikuwa na jua kali, mwilini mwake kulikuwa na vidonge vya kusisimua na pombe, na kanuni za mashindano wakati ule zilibana hata maji ya kunywa. Vidonge vile vilimziba masikio asisikie mwili ukimwambia basi. Nayasema haya kwa sababu naona vijana wanakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu, vikopo viwili kabla ya kuanza. Mwili ukisema basi, msikilizeni.

Upepo nitaupita haraka. Unaamka saa tano na kuendelea, na ukielekea Makambako utajua kwa nini mahali pale pamepimwa upepo kwa ajili ya umeme. Panga safari uanze na upepo usoni, urudi nao mgongoni. Basi.

La mwisho ni watu. Sisi tunaendesha bila kutumwa, na hilo si jambo dogo barabarani kwetu. Mzee kando ya njia anakuuliza unakwenda wapi, unajibu natembea tu, anatazama jasho lako, anatazama mlima, anakupa pole. Pokea pole yake. Kinadada wanaulizwa zaidi: mume yuko wapi, gari limeharibika, umeibiwa? Mimi nimewahi kuchangiwa nauli, na niliikataa kwa heshima ingawa mteremko wa kurudi ulikuwa mbali. Salimieni. Kamwene ukiwa Iringa, ndaga ukipewa ndizi Rungwe, havipunguzi mwendo.

Lakini zaidi ya hao kuna wenzetu ambao baiskeli kwao ni jembe. Kijana ana Phoenix isiyo na gia, keria imebeba magunia mawili ya mkaa kutoka upande wa Chunya, anapanda kwa kusukuma, na anashuka hivi: mguu mmoja chini, ndala inakanyaga tairi, mwili wote umeegemea nyuma kuuzuia mzigo. Polepole. Anajua kila shimo. Hao ndio mabingwa wetu wa kushuka, na sijaona hata mmoja akishuka kwa kuinama kama mshale. Sasa wewe unampita kwa kilometa 60, karibu kumgusa, bila kengele, unamshtua, mzigo unayumba. Usifanye hivyo. Piga kengele ukiwa mbali, sema habari za kazi, mpe nafasi ya upana wa mtu mzima aliyenyoosha mkono. Yeye akianguka ameanguka na ada ya shule ya mtoto.

Nimezungumza mno, naona mwenyekiti anaangalia saa. Jumamosi tunapanda njia ya Chunya hadi pale juu na kurudi, hatufiki Chunya. Tunakutana Kabwe saa moja na nusu, si saa kumi na mbili kama mwaka jana. Sisi tuko magharibi, jua letu mwezi huu linachomoza karibu saa moja, na sitaki mtu gizani bila taa. Fundi atakuwepo na raba za breki za kila aina. Atakagua kila baiskeli kabla ya kuondoka, na itakayokataliwa itapanda kwenye Noah pamoja na ndizi na maji, na mwenye nayo vilevile. Juu tutakaa robo saa tu, kisha tutashuka kwa makundi ya watu wanne wanne, mzoefu mbele, hakuna kumpita. Na mwenye pampu inayoingia kwenye zile valvu nyembamba aje nayo, kwa sababu pampu ya kikundi kuna mtu humu ndani aliiazima Pasaka, na yeye mwenyewe anajijua.